Nyumba Zetu na Wasimulizi Wake: Tulivyorudi Darasani Kujifunza Kuongoza Wageni Bagamoyo



Kila mwaka kitabu hiki cha harambee huwa na makala moja ya historia ya mji wetu. Huko nyuma tumeandika habari za Kaole, za bandari na za shule zetu za zamani. Mwaka huu kamati imeona tuandike juu ya watu wanaoisimulia historia hiyo, yaani vijana wetu wanaoongoza wageni kwenye makumbusho na majumba ya kale, na jinsi sisi wenyewe tulivyolazimika kurudi darasani pamoja nao.

Tunasema tulilazimika kwa sababu chanzo chake ni kosa letu. Tuanze nalo.

KOSA LILILOKUWA KWENYE KITABU CHETU

Miaka michache iliyopita, kwenye ukurasa kama huu, tuliandika idadi ya watumwa waliopitishwa Bagamoyo kuvushwa kwenda Unguja. Ilikuwa idadi kubwa, yenye sifuri nyingi. Hatukusema tumeitoa wapi. Kitabu kikachapishwa, harambee ikafanyika, michango ikapatikana, na hakuna mwanachama hata mmoja aliyeuliza.

Baadaye kijana mmoja wa mji alikuwa akiongoza wageni Ngome Kongwe, akaitaja idadi ile. Mgeni mmoja, mama wa makamo aliyewahi kufundisha historia, akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, hesabu hiyo imetoka wapi?" Kijana akajibu bila wasiwasi kwamba imeandikwa kwenye kitabu cha umoja wetu. Yule mama akaomba aelezwe sisi tuliipata wapi. Kijana akatupigia simu Dar es Salaam, nasi tukapekua faili zote tulizonazo. Hatukukuta kitu. Mwisho mmoja wetu akakumbuka kwamba aliisikia kwa mwongozaji mwingine pale pale Bagamoyo. Tulipomfuata mwongozaji huyo, akatuambia aliisoma kwenye kitabu chetu.

Miongoni mwetu tumo tunaofanya kazi ya uhasibu, na jambo hili lilituuma zaidi sisi. Mtu akituletea hati ya malipo isiyo na stakabadhi tunaikataa, hata kama ni ya nauli ya daladala. Lakini kwenye historia ya wazee wetu wenyewe tuliandika hesabu isiyo na stakabadhi, tukaisaini, tukaigawa. Kijana aliyetuamini ndiye aliyebaki amesimama mbele ya wageni bila jibu.

Kamati ilipokutana, tuliamua mambo mawili. La kwanza, kulifuta kosa hilo hadharani, na tunalifuta hapa. La pili, kujifunza upya pamoja na vijana wanaoongoza wageni, nyumba kwa nyumba, tujue ni lipi tunaloweza kulisema na kwa ushahidi gani.

TULIYOJIFUNZA KUHUSU MJI

Tulianza Kaole, kilomita chache kusini mwa mji. Pale kuna magofu ya misikiti, mkubwa wao ukiwa wa karne ya 13, na makaburi ya mawe, mengine yenye nguzo ndefu. Kabla ya Bagamoyo kuwa mji, Kaole ilikuwa mji. Burton na Speke walipoanza safari yao ya maziwa makuu mwaka 1857, waliondokea Kaole. Mwongozaji anayeanzia mji wetu karne ya 19, kwenye misafara na Wajerumani, anawanyang'anya wazee wetu miaka 600.

Kisha tukaja kwenye misafara yenyewe. Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilitafutwa sana Ulaya na Marekani kwa vinanda, mipira ya biliadi na vitu vya urembo. Zikatoka bara hadi pwani kwa vichwa na mabega ya watu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama kilo 30, yaani karibu frasila 2, mbali na chakula chake, chungu chake na mkeka wake. Kutoka ziwa Tanganyika hadi kwetu ni zaidi ya kilomita 1,000. Walioshuka na pembe walipanda na nguo, shanga na waya za shaba. Ile nguo nyeupe ya pamba tunayoiita merikani ilipata jina hilo kwa sababu ilitoka Marekani.

Hapa ndipo somo lilipokuwa gumu. Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba kila aliyeingia Bagamoyo na mzigo kichwani alikuwa mtumwa. Waliotufundisha walitusahihisha. Sehemu kubwa ya watu wa misafara walikuwa wapagazi wa ujira, hasa Wanyamwezi, waliokuja kwa maelfu wakati wa kiangazi, wakapiga kambi, wakauza, wakanunua, wakarudi makwao na mali yao. Biashara iliyoukuza mji wetu ilikuwa ya pembe. Bandari kubwa ya watumwa katika pwani ya bara ilikuwa Kilwa Kivinje.

Je, maana yake watumwa hawakupita Bagamoyo? Walipita. Waliletwa na misafara, wakauzwa, wakavushwa, na wengine wakabaki hapa hapa wakilima mashamba ya minazi na kutumika majumbani. Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliotoka Unguja na kufungua misheni yetu mwaka 1868 walinunua watu ili kuwaweka huru, wakawajengea kijiji. Ushahidi wa hayo upo. Kukosa stakabadhi ya idadi fulani hakulifuti jambo lenyewe, na kijana anayeogopa idadi ya uongo asije akaingia kwenye kosa la pili la kusema hapakuwa na kitu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi wetu hatukulijua. Tulidhani utumwa uliisha Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa Juni 1873. Mkataba ule ulifunga masoko ya watumwa na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari, lakini kumiliki mtumwa kuliendelea kuwa halali. Wajerumani nao, pamoja na maneno yote kwamba walikuja kukomesha utumwa, hawakuufuta. Walitoa amri kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru. Tanganyika ilipata sheria ya kuufuta kabisa mwaka 1922, chini ya Waingereza. Ukipiga hesabu utaona kwamba baadhi ya wazee waliotulea sisi wenye umri wa miaka 40 na 50 waliwafahamu kwa macho watu waliozaliwa utumwani.

NYUMBA MOJA MOJA

Nyumba ya kale haijielezi yenyewe. Mgeni anaona ukuta, mlango na ngazi. Kazi ya mwongozaji ni kumwonyesha namna ya kuzitazama.

Katika mitaa ya mji mkongwe tulifundishwa kuanza na boriti. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Boriti ina urefu wake, kwa hiyo chumba hakiwezi kuzidi upana ambao boriti inaufikia. Ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba, hata kwa tajiri. Kijana akimwambia mgeni atazame juu kwanza, kisha ampe sababu hii, mgeni ataitazama kila nyumba ya pwani kwa jicho jipya, ikiwa Bagamoyo, Pangani au Lamu. Halafu baraza, mahali ambapo biashara, maneno na kahawa vilikutana bila mgeni kuingia ndani kwa wanawake. Kisha milango ya nakshi. Yote haya mgeni anaweza kuyaona na kuyashika, na hakuna hata moja linalohitaji kutiwa chumvi.

Ngome Kongwe ilianza kama nyumba ya mfanyabiashara wa Kiarabu, mnamo mwaka 1860. Baadaye ilitumiwa na askari wa Sultani, wakaja Wajerumani, kisha ikawa kituo cha polisi kwa miaka mingi hadi Idara ya Mambo ya Kale ilipoichukua. Hapo ndipo inaposimuliwa hadithi ya njia ya chini kwa chini ambayo watumwa walipitishwa hadi ufukweni. Tutairudia hadithi hiyo mbele kidogo.

Misheni ina makumbusho yake ndani ya nyumba iliyojengwa kwa ajili ya masista. Jirani yake kuna mnara wa kanisa la kwanza. Mwili wa David Livingstone ulifikishwa Bagamoyo Februari 1874 na kulazwa pale kabla ya kuvushwa Unguja na kupelekwa London. Mwongozaji wa zamani alizoea kuieleza habari hii kama habari ya Livingstone. Tulifundishwa kuieleza kama habari ya waliombeba. Alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Susi, Chuma na wenzao waliuzika moyo wake pale chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakaubeba kwa miezi kadhaa, zaidi ya kilomita 1,500. Walipofika Unyanyembe, ofisa wa Kiingereza aliyewakuta aliwashauri wauzike hapo hapo. Walikataa, wakaendelea hadi pwani. Ndani ya msafara ule walikuwamo wanawake pia, akiwamo Halima, aliyekuwa mpishi wa Livingstone. Mwanafunzi mmoja wa sekondari aliposikia habari hii aliuliza, "Kwa nini kibao hakina majina yao yote?" Hatukuwa na jibu, lakini tuliliandika swali.

Shule iliyo katika nyumba ya Sewa Haji nayo ina somo lake. Sewa Haji Paroo alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi aliyewatafutia wasafiri wapagazi na bidhaa za safari, akatajirika sana. Nyumba yake aliitoa iwe shule, kwa sharti kwamba isibague watoto kwa rangi. Wengi wetu tuliopita mbele ya jengo lile kila asubuhi tukiwa na madaftari hatukuwahi kuambiwa habari hiyo.

Boma la Wajerumani ni la mwaka 1897. Wakati huo Bagamoyo haikuwa tena makao makuu, kwani makao yalihamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891. Baada ya mvua kubwa za El Niño sehemu ya Boma ilianguka. Kijana akisimama mbele yake na kueleza jinsi chokaa na mawe ya matumbawe yanavyoumwa na maji, amefundisha historia na amefundisha utunzaji. Mgeni mwenye uwezo akisikia hivyo huuliza mwenyewe, "Tunaweza kusaidia nini?"

Pale pale ufukweni kuna habari za vita vya mwaka 1888. Vijana wetu walikuwa wakizipita haraka kwa sababu hakuna jengo zuri la kupigia picha. Sasa zina nafasi yake: Bushiri bin Salim na watu wa pwani walivyoinuka dhidi ya kampuni ya Wajerumani, mapigano yaliyouharibu mji, maelfu waliokimbilia misheni wakahifadhiwa, na Bushiri kunyongwa Pangani Desemba 1889. Mwezi huo huo Stanley aliingia Bagamoyo pamoja na Emin Pasha, na usiku wa karamu ya kuwapokea Emin Pasha akaanguka kutoka ghorofani akaumia vibaya kichwani, ingawa alipona. Wageni hucheka wakisikia hivyo. Si vibaya wacheke, ila mwongozaji ajue kuwarudisha kwa watu wa mji waliokuwa wakizika maiti zao wiki zile zile.

SAFU TATU ZA DAFTARI

Mafunzo yetu yalifanyika siku za Jumamosi. Tulikuwa na vijana 14, wasichana 6 na wavulana 8, na sisi wa kamati tuliotoka Dar es Salaam kwa basi la alfajiri. Asubuhi tulitembea, mchana tukaandika. Walimu wetu walikuwa mwalimu mstaafu, mhifadhi mmoja, na wazee waliokubali kuulizwa.

Kila mmoja alipewa daftari, na kila ukurasa ukagawanywa safu tatu: kinachoonekana, kilichoandikwa, kinachosimuliwa. Kila sentensi anayokusudia kumwambia mgeni lazima iwe na safu yake. Boriti ipo kwenye safu ya kwanza. Mwaka 1868 upo kwenye safu ya pili. Njia ya chini kwa chini ipo kwenye safu ya tatu. Mgeni ana haki ya kujua anaambiwa kitu cha safu ipi. Kwa hiyo vijana walizoeshwa kusema "tazama hapa," "imeandikwa," na "wazee husimulia," na kutochanganya.

Jina la mji lenyewe lilitupa zoezi zuri. Wako wanaosema ni kilio cha mtumwa aliyeubwaga moyo wake hapa kwa sababu harudi tena. Wako wanaosema ni furaha ya mpagazi aliyefika mwisho wa safari, akatua mzigo, akapumzika, maana kubwaga moyo ni kutulia. Vijana walibishana karibu saa nzima. Mwalimu akawaacha, halafu akasema, "Mwambieni mgeni yote mawili, mwambieni ni safu ya tatu, kisha mwambieni yupi alikuwa na sababu ya kuupa mji jina. Mwacheni afikiri."

Mengine tuliyojifunza ni ya kazi yenyewe, na yanaonekana madogo hadi uyakosee. Simama mahali ambapo jua liko machoni pako, lisiwe machoni pa mgeni. Usiongee ukiwa umeutazama ukuta. Wahesabu watu kabla ya kupanda ngazi na baada ya kushuka. Mtafutie mzee pa kukaa kabla hajaomba. Onyesha kwanza, kisha nyamaza kidogo, ndipo ueleze. Watoto wa shule waulize kabla ya kuwaambia. Usipojua, sema "sijui, nitauliza," kisha uulize kweli.

Na lipo moja ambalo tuliliwekea sharti. Wageni wengine wakiona minyororo ya watumwa huomba waivae shingoni wapigwe picha. Zamani baadhi ya waongozaji waliwasaidia, tena wakicheka nao. Sasa kijana wetu anakataa kwa adabu, na anaeleza kwa nini.

BIBI NA MLANGO WA MTU

Jumamosi ya nne tulikwenda kumsikiliza bibi mmoja wa mji. Tuliingia, tukamwamkia shikamoo mmoja mmoja, tukaketi mkekani. Alikuwa amesikia kwamba tunawafundisha vijana kuzungumzia utumwa. Akatuambia kwamba bibi yake mzaa mama aliletwa mji huu akiwa mtoto mdogo, hakujua jina la kijiji alikotoka, ila alikumbuka wimbo mmoja wa lugha ambayo hakuna mtu hapa aliyeielewa. Alizeeka akiuimba akiwa anatwanga.

Chumba kilikuwa kimya. Kijana mmoja wa kikundi chetu, ambaye babu zake walikuwa na nyumba kubwa na mashamba, akauliza bila kuinua kichwa, "Bibi, na mimi nikiwapitisha wageni mbele ya nyumba ya kwetu, niseme nini?"

Bibi akamjibu, "Sema yaliyotokea, mjukuu wangu. Usiyapunguze. Lakini ukisimama mlangoni kwa mtu, jina la ukoo wake usilitaje, si wa aliyemiliki wala si wa aliyemilikiwa. Wageni wataondoka jioni. Sisi tutabaki hapa, tutaoana, tutazikana."

Tuliyajadili maneno hayo kwa muda mrefu kwenye basi la kurudi. Mwenzetu mmoja alisema huko ni kuficha. Mwingine akasema katika kazi yetu pia zipo taarifa za kweli ambazo hazibandikwi ukutani, ila akizihitaji mwenye haki anapewa. Hatukukubaliana wote. Tulichokubaliana ni kwamba uamuzi ni wa watu wa mji, nao wanaufuata hivyo alivyosema bibi. Kijana yule sasa anapitisha wageni mbele ya nyumba ya kwao, anaeleza nyumba kama ile ilivyoendeshwa na nani alifanya kazi ipi ndani yake, na jina halitaji.

HESABU AMBAYO BADO HAIJAFUNGWA

Hatutaki kuwapa picha kwamba kila kitu ni shwari. Baadhi ya waongozaji wenye uzoefu hawakufurahi. Mmoja alituambia wazi, "Nyinyi mna mishahara Dar es Salaam. Mimi ile njia ya chini ndiyo inayonilisha. Nikisema 'wazee husimulia,' mgeni anatoa bahashishi ndogo." Hatukuweza kumwambia anakosea. Vijana wetu wawili wametuonyesha kwamba siku nyingine kipato kilipungua kweli. Wapo pia wageni waliowarudia na kuwaletea wenzao kwa sababu walipenda kuambiwa ukweli, lakini hao si wa kila siku.

Jingine lilitutia aibu sisi. Siku ya majaribio tuliwaalika wakazi wa mji wawe ndio wageni: wavuvi, mama lishe, madereva wa bodaboda, wanafunzi. Wengi wao, watu wazima waliozaliwa Bagamoyo, hawakuwahi kuingia ndani ya makumbusho hata siku moja. Waliona ni mahali pa Wazungu. Mvuvi mmoja mstaafu alipofika kwenye boriti alimsahihisha kijana aina ya mkoko na namna unavyokatwa na kukaushwa, na kijana akayaandika yale kwenye daftari mbele ya watu wote. Ilikuwa sehemu nzuri kuliko zote za siku ile. Kina mama wawili waliomba warudi na watoto wao.

KINACHOOMBWA MWAKA HUU

Ndugu zetu, sheria ya utalii inamtaka mwongozaji awe na leseni, na leseni inataka mafunzo. Wengi wa vijana hawa hawana fedha ya ada. Bila leseni wanafanya kazi kwa kujificha, wanalipwa kidogo, na hawawezi kudai chochote wakidhulumiwa. Kwa hiyo harambee ya mwaka huu inalenga mambo haya:

Kwanza, ada za mafunzo na leseni kwa vijana 14 walioanza na wengine 10 wanaosubiri.

Pili, masomo ya lugha, pamoja na mafunzo ya huduma ya kwanza. Ngazi za nyumba zetu ni nyembamba na wageni wengi ni wazee.

Tatu, kuchapa daftari la safu tatu, lenye habari za kila nyumba zilizohakikiwa, na nafasi tupu ya kujaza yatakayopatikana.

Nne, siku 4 kwa mwaka za wakazi na wanafunzi wa Bagamoyo kutembezwa katika majumba yao wenyewe, gharama ikilipwa na umoja.

Tano, kurekodi sauti za wazee, kwa ridhaa yao na kwa masharti watakayoweka wao. Bibi tuliyemtaja ametukubalia. Ule wimbo amesema ataufundisha kwa mjukuu wake kwanza, kisha atatuambia kama turekodi.

Taarifa ya mapato na matumizi ya mwaka uliopita ipo kurasa za mwisho za kitabu hiki. Kila matumizi yana stakabadhi, na mwanachama yeyote anakaribishwa kuja kuziona.

Mwisho tunaomba jambo moja. Wenye toleo la zamani la kitabu hiki, lenye ile idadi ya watumwa, tafadhali chukueni kalamu muikate. Pembeni yake andikeni: walipita, waliuzwa, wengine walibaki, na sisi ni wajukuu wao na wajukuu wa waliowauza. Hilo lina stakabadhi, kwa sababu wenyewe tupo.

Karibuni nyumbani. Mkifika, msiingie wenyewe. Mwombeni kijana awaongoze, na mumlipe.

Kamati ya Umoja, Dar es Salaam na Bagamoyo